Manowari Kwenye Meza ya Fundi Saa

Mwaka ule saa za betri zilipojaa Singida mjini, fundi Leah Zefania alianza kupata muda wa kusoma gazeti mpaka ukurasa wa mwisho. Zamani meza yake, pale kibarazani karibu na soko, haikuwa na nafasi ya kuweka hata kikombe. Zilikuwepo saa za walimu, saa za makarani, saa za wachimbaji dhahabu wa Sekenke zilizoshiba vumbi la mawe. Kazi hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, pamoja na kibano, bisibisi saba na lenzi ya kubana jichoni. Sasa biashara ilikuwa ruksa, bidhaa zinaingia kutoka kila upande, na saa ya mtu ikisimama anaitupa, ananunua nyingine ya rangi anayoipenda.

Kwa hiyo asubuhi moja jirani yake Ziada, muuza mitumba, alipomjia na boksi kwapani, Leah alilikunja gazeti bila kinyongo.

"Fundi, nimefungua belo la nguo za watoto nikakuta hiki katikati ya masweta. Hebu kiangalie."

Juu ya boksi palichorwa manowari ya kijivu ikipasua mawimbi, mizinga imeelekezwa mbele. Maandishi yalikuwa ya kigeni, hakuna kati yao aliyeweza kuyasoma. Ndani mlikuwa na fremu nyembamba za plastiki, na kila fremu imeshikilia vipande vidogo vidogo, vingine vikiwa sawa na punje ya mtama.

"Ni mdoli wa aina gani huu?" Ziada aliuliza.

Leah alishabana lenzi jichoni. "Si mdoli. Ni meli, ila haijaungwa. Ona, kila kipande kina namba, na namba hiyo hiyo iko kwenye karatasi ya michoro."

"Utaweza kuiunga?"

"Kuunga naweza. Lakini ya nini?"

Ziada akavuta kigoda akaketi. Akaeleza kuwa baba mkwe wake, Mzee Abdillahi, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita ya pili ya dunia, akapelekwa Burma. Miaka yote alikuwa akiwasimulia wajukuu habari za meli ya chuma iliyowasindikiza baharini, yenye mizinga mirefu kama nyumba. Wajukuu wakawa wanacheka. Idi iliyopita hata Abdulrazaki, mwanawe mwenyewe, yaani mume wa Ziada, alimwambia mbele ya wageni, "Baba, mizinga yote hiyo, si meli ingezama?" Sebule nzima ikaangua kicheko.

"Tangu siku ile hajaitaja tena," Ziada alisema. "Mimi ni mkwe tu, siwezi kumsemea. Lakini nilipoiona picha hii nikajua ndiyo yenyewe."

Leah alilitazama boksi, akaitazama meza yake tupu.

"Niachie," alisema.

Shida ya kwanza ilikuwa gundi. Ile iliyokuja ndani ya boksi ilikuwa imekauka ikawa jiwe. Leah akajaribu gundi ya viatu, ikaacha nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Siku mbili alifikiri. Kisha akamwendea fundi wa kupaka magari rangi, akamwomba tina kidogo, ile dawa ya kuzimulia rangi. Akakatakata mabaki ya fremu, akayatumbukiza kwenye kichupa chenye tina, akatikisa. Kesho yake plastiki ilikuwa imeyeyuka, imekuwa uji mzito mweupe. Alipogusisha vipande viwili kwa uji ule, vilishikana kana kwamba havijawahi kutengana. Leah alicheka peke yake mpaka Rebeka, mama ntilie wa jirani, akauliza kuna nini.

Siku ya nne Mzee Abdillahi alifika mwenyewe, kanzu safi, fimbo mkononi. Ziada alikuwa ameshindwa kuficha siri.

Leah alisimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Nasikia una meli yangu."

Leah alimpisha kwenye kiti na kumpa lenzi. Mzee aliinama juu ya meza akakaa hivyo muda mrefu, akihamisha jicho kutoka kipande hadi kipande. Leah akaanza kuogopa kwamba amemliza mtu mzima hadharani. Mwishowe mzee alinyanyua kichwa.

"Huu mlingoti umeuelekeza nyuma," alisema.

Leah aliufunua mchoro. Kweli, alikuwa ameugeuza.

Kuanzia hapo mzee akawa anakuja kila siku na kigoda chake. Alikuwa msaidizi mgumu. Alitaka kila kitu kiwe kama alivyokiona mwaka arobaini na nne, na mchoro ukimpinga, mchoro ndio uliokosea.

"Hapa nyuma weka kamba ya nguo," aliagiza siku moja.

"Mzee, hiyo ni manowari. Kwenye mchoro hakuna kamba ya nguo."

"Mchoraji alikuwepo? Mimi nilikuwepo. Wale mabaharia walifua, wakaanika. Suruali nyeupe, zikipepea namna hii!"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Leah akavuta uzi kutoka mlingoti hadi mwisho wa sitaha, ile sakafu ya juu iliyokuwa bado haijafungwa kwenye meli, akabandika juu yake vijisuruali vitatu alivyovikata kwenye kitambaa chakavu cha Ziada. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akakiri moyoni kuwa sasa meli ilionekana ina watu ndani.

Mzinga mmoja haukuwemo; huenda ulivunjikia ndani ya belo. Leah aliutengeneza kwa mrija wa kalamu iliyokwisha wino, akaupiga msasa hadi ukafanana na wenzake. Alipokuwa akiupiga msasa ndipo mzee alipomtaja Antipasi, askari mwenzake wa huko vitani.

"Tulilala blanketi moja," alisema. "Mimi Mwislamu wa mjini, yeye Mkristo wa kijijini Issuna. Hakuwahi kuona bahari. Alitapika kutoka Mombasa mpaka Kolombo. Lakini kila asubuhi alijikokota mpaka ukingoni kuitafuta ile manowari. Akiiona bado inatufuata, ndipo anakubali kula."

"Mlirudi wote?"

"Mimi nilirudi. Yeye homa ilimchukua huko huko. Tulimzika kando ya mto, mimi nikichimba." Mzee alifuta pua kwa ncha ya kilemba. "Nyumbani sijawahi kuyasema haya. Kila nikianza hadithi, wanacheka nikiwa bado kwenye meli. Sifiki kwa Antipasi."

Leah aliendelea kupiga msasa, polepole zaidi.

Wiki iliyofuata alichanganya rangi nyeupe na nyeusi za mageti, akapata kijivu, akaipaka bodi ya chini ya meli kabla ya kuifunika kwa sitaha. Aliianika juu ya kipande cha bati, akaenda kununua mkate. Ilikuwa Oktoba na jua la Singida halina mzaha. Aliporudi, manowari ilikuwa imepinda kama ndizi.

Aliifunika kwa gazeti upesi, lakini mzee alikuwa ameshaliona bati na uso wa fundi.

"Funua," alisema.

Leah akafunua. Machozi yalikuwa karibu. "Nisamehe, mzee. Nimekuharibia."

Mzee aliibonyeza kwa kidole. "Imelainishwa na joto, sivyo? Basi ipashe tena, tuinyooshe."

Rebeka akaleta maji yaliyokuwa yanachemka kwa ajili ya ugali. Wakayamimina kwenye karai, wakaizamisha bodi mpaka ikalegea. Kisha wakaibana katikati ya mbao mbili, Leah huku, mzee kule, mikono minne imekaza, jasho linawatiririka. Hawakuachia mpaka plastiki ilipopoa. Wateja wa Rebeka waliokuwa wakisubiri ugali wao uliochelewa walisimama kuwazunguka, wakitoa maelekezo yasiyoombwa. Bodi ilipotoka ilikuwa imenyooka, isipokuwa mpindo mdogo ambao jicho la fundi peke yake lingeuona.

Jumamosi moja baada ya hapo meli ilikamilika, na Ziada akaitangaza soko zima. Jioni jua likiwa bado juu, watu wapatao thelathini waliteremka hadi ukingo wa Ziwa Singidani, Abdulrazaki akiwa nyuma kabisa, mikono mfukoni, akitabasamu.

Leah alivua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akaiweka manowari kwa uangalifu. Hapo hapo ikalala ubavu.

Kicheko kikaanza kwa watoto, kikapanda kwa wakubwa. Mzee Abdillahi alisimama wima kama yuko gwaride.

"Haijazama!" Leah aliwapazia sauti. "Imekosa uzito chini, basi. Ngojeni."

Sitaha ya nyuma alikuwa hajaigundisha bado, ameishikiza kwa nta tu. Akaibandua, akafunga mchanga mbichi kwenye vijifuko vya nailoni, akaupanga ndani kidogo kidogo, kila mara akiijaribu meli majini huku kiganja kikiwa chini yake. Kisha akairudisha sitaha, akaiachia.

Manowari ikasimama. Upepo wa ziwani uliisukuma kutoka ukingoni, mizinga mbele, vijisuruali vinapepea nyuma, na kikundi cha heroe, ndege wale wa miguu mirefu, kilichokuwa mbele kidogo kikaipisha. Watu walipiga makofi na vigelegele. Leah aliishika kwa uzi mrefu, akijihisi kama mtu anayepeleka ng'ombe wake mwenyewe malishoni.

Abdulrazaki alikuwa ametoa mikono mfukoni. Alikuja hadi mbele, akachuchumaa karibu na baba yake.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "ile yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Kaa chini," mzee alijibu.

Wakakaa kwenye mawe, yeye na wajukuu na nusu ya soko. Mzee akaanza Mombasa, akapita kwenye mizinga, akapita kwenye kamba ya nguo, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Akafika kwa Antipasi. Alipomaliza, Abdulrazaki akauliza ndugu wa Antipasi kule Issuna ni akina nani, na kama yupo ambaye bado anamkumbuka.

Yupo. Mwezi uliofuata walipanda basi la Manyoni, Mzee Abdillahi, Abdulrazaki, Ziada na Leah, manowari ikiwa ndani ya boksi la sabuni kwenye mapaja ya mzee. Issuna waliulizauliza sokoni, wakaelekezwa kwa bibi mmoja aitwaye Klara, dada yake mdogo Antipasi, ambaye miaka karibu hamsini alikuwa na karatasi moja tu ya serikali inayosema kaka yake amefariki. Mahali hapakutajwa.

Mzee aliiweka meli juu ya meza na kumweleza yote: blanketi, mto, kaburi alilolichimba kwa mikono yake. Bibi Klara alisikiliza, amefumba macho. Mzee alipotaja kutapika melini, alisita katikati ya sentensi, akijua si jambo la kumwambia dada wa marehemu.

"Alitapika?" bibi aliuliza, akifumbua macho.

"Njia nzima, mama. Nisamehe."

Bibi Klara akajipiga paja, akacheka mpaka akashika kiti. "Huyo ndiye Antipasi! Hata kwenye mkokoteni wa ng'ombe alikuwa anatapika!"

Naye mzee akacheka, na wote wakacheka, wakati wajukuu wa nyumba ile wakimkimbiza jogoo uani kwa ajili ya chakula cha wageni.