Kofia ya Gego la Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa amelazwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo wazi, na bado anatoa amri. Mke wa mwanawe, fundi cherehani, alisimama kando amemshikia mkoba, mtandio na miwani. Gego la chini kulia lilikuwa limeoza hadi ndani. Daktari alieleza kwamba atachimba uozo wote, asafishe, azibe, ndipo alivalishe kofia, gamba gumu la kufunika jino.

"Usinichokonoe," mama mkwe alisema. "Funika hivyo hivyo."

"Uozo haufunikwi, mama."

"Nimefunika mangapi maishani na yakatulia!"

Mwanawe, aliyekuwa mlangoni na simu yake, akasema mama asikilizwe, huyo ni mtu mzima. Basi daktari akachukua vipimo, na wiki iliyofuata akabandika kofia nyeupe juu ya uozo. Ilikaa vizuri sana.

Jioni hiyo mama mkwe alitafuna karanga. Fundi, chumba cha pili, alikuwa anakata uzi kwa meno. Maumivu yakampiga gegoni, chini kulia, yakapanda hadi sikioni. Kesho yake daktari alimgonga meno moja moja, akampiga na picha. Yote mazima. Mwanamke huyu hajawahi kulala bila kupiga mswaki tangu utotoni.

"Hili linalouma si lako," daktari alisema akivua glavu. "Ni la mama mkwe wako. Hutokea. Uozo ukifunikwa, maumivu humwendea yule aliyezoea kubebeshwa. Dawa ni kuivua ile kofia na kusafisha, ila lazima mwenye jino akubali."

Mwenye jino hakukubali.

"Mimi haliniumi," alisema. "Sasa nichimbwe kwa sababu gani?"

Mswaki nao akauweka kando, maana wa nini tena? Akanunua peremende. Zamani chai ikichelewa alikuwa anapiga kelele nyumba nzima isikie. Siku hizi anafungua peremende moja, anaiegemeza kwenye gego na kuifyonza polepole huku anamtazama mke wa mwanawe. Chai inakuja mbio. Ama kweli ukongwe una ujanja wake!

Fundi alianza kushona kombo. Sare za shule zikarudishwa, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Wateja wakahamia kwingine. Usiku akamwambia mumewe kwamba amechoka.

"Mvumilivu hula mbivu," mume akasema.

"Atazitafuna kwa meno gani?"

"Mama ni mzee, jamani. Unataka achokonolewe?"

"Nataka achokonolewe. Nataka achimbwe mpaka alie, nami niwe nimekaa pale namtazama."

"Una roho mbaya wewe."

"Ninayo. Ama kofia ile ivuliwe, ama mimi niondoke na cherehani yangu."

Asubuhi mume akasema sawa, atakwenda mwenyewe kuzungumza na daktari. Akaenda. Wiki iliyofuata akaenda tena, akaaga vizuri kabisa, na fundi alimpigia pasi shati la kwendea. Kwa mara ya kwanza tangu karanga zile alishona huku anaimba kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Mume alirudi mchana, uso umenawiri.

"Umemwambia?" fundi aliuliza.

"Nimemwambia. Kasema ni vilevile, mpaka mama akubali." Alifungua friji, akatoa chupa ya maji. "Lakini safari sikuipoteza. Mimi nami nilikuwa na jino la juu, kushoto, linanisumbua mwaka mzima. Alitaka kuchimba, nikamwambia afunike tu."

Akanywa maji yale ya baridi kwa mkupuo, chupa nzima. Fundi akaangusha mkasi na kushika shavu la kushoto.

"Vipi, mwanangu?" mama mkwe aliuliza kutoka sebuleni. "Linauma?"

"Hata kidogo, mama," mume akajibu.