Tope la Mwaka Jana

Batuli aliinama chini ya pikapu ili aifurahie kazi ya fundi, akaliona tope. Lilikuwa la kijivu, limegandamana na oili juu ya difu ya mbele, kasha la gia zinazozungusha tairi, limefunika boliti zote. Tope la mlima wa kwa mzee Loserian. La mwaka jana.

Akasimama taratibu.

Kila Idi ya kuchinja, yeye na mumewe Abdulrahman walifuata madume ya ng'ombe kwa mzee huyo, magharibi ya Mlima Meru, wakayaleta kwa wateja wao Kimandolu kwa tela. Siku nyingine zote pikapu ilibeba mchele na sabuni, na difu zake zilikuwa za mbio: tamu kwenye lami, dhaifu kwenye mzigo. Mwaka jana klachi iliungua palepale mlimani. Ng'ombe wakasimama telani mchana kutwa, juani. Dume moja jeupe likamfia Batuli mikononi, ulimi nje, likimtazama. Hakumfokea mtu siku ile. Alisema tu kwamba gari lifungwe difu za nguvu, mbele na nyuma, la sivyo yeye mlima ule basi.

"Mara moja kwa mwaka, Mama Swabaha!" Abdulrahman alibisha miezi na miezi. "Gari lingurume kama mashine ya kusaga mwaka mzima, kwa ajili ya siku moja?"

"Na lingurume."

Hatimaye alikubali. Kumbe.

"Fundi Ezra," Batuli aliita, "hii ya mbele umeifungua?"

Ezra alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Shemeji, ya nyuma iko safi kabisa. Sasa hata ghorofa unapanda."

"Nimekuuliza ya mbele."

Ezra akamtazama Abdulrahman, aliyekuwa mlangoni mwa gereji na kanzu yake nyeupe, ametoka kuswali Ijumaa. Kisha akatazama kiroba chini ya meza. Batuli akakivuta. Ndani mlikuwa na difu aliyoichagua mwenyewe, bado imeviringishwa magazeti.

"Nilimwambia mumeo," Ezra alisema kwa sauti ndogo. "Mbele na nyuma zikitofautiana, siku ukiingiza fowili, tairi zote nne zikivuta, zitashindana zenyewe kwa zenyewe. Lazima kitu kivunjike. Akasema nisikwambie."

"Fowili unaingiza lini wewe?" Abdulrahman akadakia. "Kaka yangu alilitaka gari juzi Jumatano, apeleke maharusi Moshi. Ningekaa nasubiri fundi mpaka lini?"

"Naingiza mlimani! Kesho! Kwenye tope!"

Watu waliokuwa wakila chapati nje waligeuka. Batuli, ambaye hata nyanya sokoni huulizia kwa kunong'ona, hakuitambua sauti yake mwenyewe.

"Madume manne nyuma yangu, gari linavunjika, tela linaturudisha bondeni! Nawe unaniambia maharusi!"

"Basi, mke wangu, punguza sauti. Watu wanasikia."

"Wasikie! Dume lile lilikufa linanitazama mimi. Wewe ulikuwa kivulini unapiga simu." Akageuka. "Ezra, mpe spana."

"Shemeji, nitaifunga mimi, sasa hivi..."

"Utamwelekeza. Mpe."

Abdulrahman alicheka, akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. "Na kanzu hii?"

"Funguo ninazo. Gari halitoki hapa. Wateja wakipiga simu, pokea wewe, umweleze kila mmoja kwa nini Idi yake haina cha kuchinja."

Simu ikaita mfukoni mwa kanzu. Akaitoa, akaliangalia jina, akairudisha ikiwa bado inaita. Kisha akapiga magoti, akalala chali kwenye sakafu yenye oili na kujiburuza chini ya gari. Tope la kwanza lilimwangukia usoni.

"Imekaza," alilalamika kutoka kule chini.

"Endelea."

Mkono wa Batuli ulitaka kwenda kumpangusa, kama ulivyozoea. Akauficha ndani ya mtandio.