Ribiti za Ulezi

Kasiani alikuwa mtani wangu, kwa hiyo kazi ya kumzika ilikuwa yangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu enzi za mababu. Mtu wao akifa, sisi ndio tunaopeleka habari, tunaochimba kaburi, tunaovaa kofia ya marehemu na kumwiga mpaka wafiwa wacheke. Nimewazika wengi tangu nilipotoka shule ya serikali, na watu husema Pazi ana kipaji cha misiba. Lakini hao wengine sikuwa nimekula nao sahani moja kwa miaka minne.

Kasiani alipiga ribiti katika karakana ya reli pale Morogoro. Mimi nilikuwa karani wa stoo. Yeye anakipiga kitu nyundo, mimi nakiandika kwa Kijerumani. Ribiti ni msumari mnene usio na ncha. Huchomwa mpaka uwe mwekundu, ukapenyezwa katika matundu ya vyuma viwili, ukapigwa upande wa pili mpaka uote kichwa kama uyoga. Ukipoa, vyuma vile havitengani tena. Kelele za kazi hiyo zilimziba masikio. Ukimwuliza, "Kasiani, umeamkaje?" anajibu, "Bado, nitakula baadaye."

Mama yake, mama Yuliana, alikaa juu milimani, mbele ya misheni ya Matombo. Macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka, lakini alisuka mikeka kwa vidole na hakukosea hata ukili mmoja. Kasiani alipomweleza kwamba kazi yake ni kushona chuma na chuma, mama alikataa katakata.

"Chuma hakishoneki," alisema. "Na kama kinashoneka, niletee niushike mshono."

Gari la moshi halipandi Matombo. Basi Kasiani akachukua kipande cha mti wa mkangazi, urefu wa dhiraa moja, akachonga kichwa cha gari la moshi: pipa la maji, bomba la moshi, magurudumu na kibanda cha dereva. Kilipendeza, nami nikamwambia sasa kimekwisha.

"Hakijaanza," akasema. "Mama hatashika rangi, Pazi. Atashika ribiti."

Hapo ndipo tulipoanza kutafuta. Tulinunua pini dukani kwa Mhindi. Vichwa vyake vilikuwa bapa na ncha zilipasua mti. Tukajaribu shanga, na gari likaonekana limeugua ndui. Mtama ulikuwa mkubwa mno. Nikaleta mbegu za mchicha, nikajiona mwerevu. Akazisugua kwa kidole gumba, akatikisa kichwa.

"Vidole vya mama vina sugu za jembe. Mchicha hatausikia."

Mwisho tukapata ulezi. Kasiani aliukaanga kidogo ili usije ukaota kwa ukungu wa kule juu. Alichovya uzi katika masizi, akauvuta juu ya mti na kuuachia, ukaacha mstari mweusi ulionyooka. Akaweka tone la utomvu wa mfenesi, akalowesha ncha ya mwiba wa mlimau kwa ulimi, akaokota punje moja, akaiketisha. Kisha nyingine. Jumapili nne nzima, na zilipokaa zote akazipaka masizi na mafuta ya nyonyo. Nilimwambia wenzake wanaoa na yeye anapanda shamba juu ya pipa.

"Wewe cheka," akasema. "Siku nikifa utakosa wa kumcheka."

Homa ilimkuta mwanzo wa masika, ikammaliza kwa siku tano. Siku ya nne alinishika mkono.

"Mpelekee mama. Ashike pande zote mbili. Na utani wako usinichafulie kazi."

Nilimzika Morogoro, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeharibu njia na maiti isingefika. Kesho yake nikajitwika gari la moshi, nimelifunga kwa kaniki, nikaanza safari.

Njiani, pale Kiroka, nilipumzika kwa shangazi yangu Mwaisha. Mvua ilikuwa imelowesha kaniki, nikaifungua, nikaliweka gari barazani likauke, nikaingia ndani kula. Nilipotoka, kuku mwekundu alikuwa amesimama juu ya magurudumu, anadonoa. Upande wote wa kulia ulikuwa mtupu, umebaki na madoa ya utomvu kama uso ulionyolewa vibaya.

Shangazi akatoka na mwiko mkononi. Akatazama gari, akatazama kuku.

"Nimeona kuku akila mchwa, akila hata sabuni. Huyu kala gari la moshi la Wadachi, na bado ana njaa. Tumchinje tukutolee misumari yako?"

Nilicheka. Mtani hucheka hata asipotaka. Kisha nikaketi pale barazani nikalia, na shangazi akaenda kuniletea ulezi.

Niliukaanga. Utomvu nilipata. Uzi nilikuwa nao, lakini mkono wa Kasiani sikuwa nao. Punje nilizoziketisha zilipanda juu, zikashuka, nyingine zikabebana. Kwa kuwa gari lilikuwa na pande mbili, ningeweza kutazama upande wa kushoto nikaiga. Nilitazama, nikaiga, na bado mstari ukapinda kama njia ya mbuzi. Jua likaanza kushuka. Nikapaka masizi ya chungu, nikaondoka. Shangazi alinifungia yule kuku miguu akanipa.

"Rambirambi," akasema. "Mwenye kosa aende msibani mwenyewe."

Habari ya kifo niliifikisha kwa mama Yuliana kama tunavyofikisha, na kilio kikaanza. Kesho yake watu walipojaa uani, nikavaa kofia ya Kasiani. Nikatembea kama yeye, mabega mbele. Mjomba wake, mzee Stefano, akaniuliza, "Kasiani, umetoka wapi?" Nikajibu, "Ahsante, mjomba, hata mimi napenda maharage." Wakacheka mpaka wanawake wakashikana. Mama Yuliana naye akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akanyoosha mikono.

"Sasa nipe mshono wangu."

Nikamwekea gari mapajani. Akaanza upande wa kushoto. Kidole chake cha shahada kilitembea juu ya ulezi polepole, punje kwa punje, kikafika mwisho wa pipa, kikarudi mstari wa chini.

"Kweli kinashoneka," akasema. "Na mwanangu ana mkono. Hajaruka hata moja."

Akaligeuza. Mimi nikatazama chini. Kidole kilianza, kikakwama, kikapotea, kikatafuta, kikapata punje mbili zimepandana. Mama Yuliana akalisogeza gari karibu na kifua.

"Huku mkono ulikuwa unatetemeka," akasema. "Pazi, baba, alikuwa amekwisha anza kuugua?"

Kisa cha kuku kilikuwa ulimini, na kuku mwenyewe alikuwa jikoni katika chungu. Mtani anaruhusiwa kusema lolote msibani, na hakuna wa kumkasirikia. Watu walikuwa wananitazama, wameshaandaa meno. Mzee Stefano, mwenye macho yake, aliitazama ile mistari, akayatazama masizi kwenye kucha zangu, kisha akageuza uso upande wa mgomba.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa ameanza."

"Na hakuacha."

"Hakuacha."

Upande ule wa kushoto hakuugusa tena. Alikaa na kiganja juu ya mistari yangu iliyopinda, akaipapasa mpaka chakula kilipoletwa, na kilipoletwa akala kwa mkono mmoja. Aliniambia nile. Nilimwambia nimeshiba.

Sasa mimi huenda kumwona kila baada ya mavuno. Punje hubanduka kwa kupapaswa, nazo hubanduka upande wa kulia tu. Mama Yuliana akilala mchana, mimi hutoa uzi, utomvu na mwiba, nikazirudisha. Mkono wangu umezoea siku hizi; nikitaka, naweza kuzipanga zikanyooka kama za Kasiani.

Nazipinda moja moja.