Rupia Kumi Kiganjani mwa Ramkali

Saa mbili asubuhi Ramkali alimaliza kuzoa choo cha nyumba ya Girdhari mwenye duka, akatandaza majivu, akajitwika kapu. Mke wa Girdhari akamdondoshea kutoka barazani ujira wake wa mwezi, noti moja ya rupia kumi, ameishika kwa ncha za vidole kama anayetupa panya mfu. Ramkali akaiokota na, alipokwisha kumwaga kapu, akaenda kununua sabuni. Mwalimu Awasthi alikwisha kusema: binti wa Ramkali, Poonam, akiendelea kunuka, asikanyage darasani.

Dukani aliujua utaratibu. Aliiweka noti juu ya jiwe chini ya ngazi, akarudi nyuma hatua tatu. Girdhari akaja na birika la shaba kuinyunyizia maji, aiondolee najisi ya tabaka la wazoa choo, ndipo aiguse. Noti yenyewe ilikuwa imelala ndani ya sanduku la Girdhari mwenyewe usiku kucha. Lakini ndivyo duka lile linavyouza.

Noti ya kumi ina ubavuni mistari kumi na mitano, kila mmoja ukitaja rupia kumi kwa lugha yake. Tone la kwanza lilipoanguka, mistari ile iliinuka, ikashuka jiwe, ikavuka vumbi kwa foleni na kumpanda Ramkali mguuni hadi kiganjani. Kiassam kilitangulia, Kiurdu kikaja nyuma kabisa.

"Noti yako imebaki kipara," Girdhari alisema. "Siipokei."

"Maneno haya hapa, tajiri." Ramkali alifungua kiganja.

"Ehe. Leo umesoma kumshinda Mwalimu."

Mwalimu Awasthi, aliyekuja kununua majani ya chai, hakucheka. Alivaa miwani, akakisoma kiganja kwa mbali. Mistari yote ilikuwa halali, alisema, hata ile asiyoweza kuisoma. Kisha uso ukamkunjamana.

"Girdhari, Kisanskriti nacho kimo, lugha ya maandiko yetu matakatifu. Kimekaa kwenye kidole gumba chake."

"Kimeingiaje?"

"Sijui. Ila hakiwezi kulala pale."

Waliafikiana upesi. Girdhari aliisogeza noti juani kwa fimbo, Ramkali akaambiwa aweke mkono juu ya jiwe, na birika zima likamwagwa kutoka juu. Mistari ikakimbia maji, ikarudi kwenye noti iliyokwisha kukauka. Kisanskriti kilipishwa kitangulie.

Girdhari akaichukua noti bila kuinyunyizia tena. Mkono ulikwisha kuoshwa, na kumbe ndicho alichokitaka siku zote. Sabuni akaisukuma kwa fimbo ileile. Wateja wengine wakanunua chumvi yao.

Kesho yake Poonam aliogeshwa mara mbili, akafika shuleni akinukia yasmini kuliko mtoto yeyote. Mwalimu Awasthi aliisikia harufu hiyo tangu mlangoni, akamwambia ni nzuri. Kisha akamwonyesha pa kukaa: nje, penye viatu vya wenzake.