Unga Unaonusa Shaba

Tangu majirani wa mtaa wa nyuma wahamishwe na kampuni ya madini kwa sababu mtu alichimba choo akaangukia kobalti, Mama Noëlla hakumwamini yeyote anayeinamia ardhi. Hata kuku wake akiparua sana, alifukuzwa.

Sasa msichana huyu, Ngoyi, kaja na kichupa cha unga mweusi, sumaku, na tochi ya mwanga wa zambarau. Anataka maji ya kisima.

"Mama, hii unga inawakaka kijani. Kama mu mayi muko shaba, mwangaza inazimika. Kisha tunaivuta na sumaku, haibakie mu mayi."

"Na nani anakutuma? Bale ba kampani?"

"Hapana, mama, université. Tunataka kujua kama mayi ni ya kunywa."

"Aah. Bale ba kwanza pia balisema banatafuta fasi ya kujenga masomo ya batoto."

Hesabu yake ilikuwa fupi: shaba ikionekana majini, basi iko chini ya nyumba, ikiwa chini ya nyumba, nyumba si yake tena. Akatabasamu tabasamu la sokoni, akazunguka nyuma, akachota kikombe kwenye pipa la mvua. Akarudi mpole kama bibi harusi.

Tochi ilitaka giza na jua lilikuwa utosini, kwa hiyo wakajifunika kitenge kimoja, vichwa viwili kama wezi wa sukari. Ngoyi akamimina unga majini. Ukawaka kijani, ukaendelea kuwaka. Akasogeza sumaku, unga wote ukakimbilia ubavu wa kikombe.

"Mama, mayi yako ni safi!"

Alisema kwa sauti kubwa mno. Mariamu, jirani aliyekuwa akinunua maji mbali kwa ajili ya kichanga chake, akatokea mbio na kidumu.

"Alhamdulillahi! Shi uliniambia hii mayi inachoma mudomo, dada? Kumbe ulikuwa unaninyima!"

Akatupa ndoo kisimani. Noëlla akatazama kamba ikipanda. Akamtazama Ngoyi, ambaye bado alitabasamu, na tabasamu lile hakulipenda hata kidogo.

"Mariamu, mwaga ile mayi."

"Eh?"

"Mwaga, nakuambia! Huyu nilimupatia mayi ya mvua."

Wakaingia tena chini ya kitenge, watatu sasa, wakibanana, na maji ya kisima. Kijani kikafifia, kikafa kabla Mariamu hajamaliza bismillahi yake.

Katika giza lile Mama Noëlla alikamata mkono wa Ngoyi, asiuachie.

"Sasa uniambie, mutoto yangu. Hii habari, utaipeleka kwa nani?"