Ukuta Huu

Ukuta unaogawa nyumba yetu baba aliujenga mwenyewe, enzi za kazi yake ya uashi, mdogo wake alipooa. Upande mmoja tunaishi mimi na baba. Upande wa pili anaishi Baba Mdogo na mkewe, pamoja na mtoto wao ambaye bado shingo haijakaza vizuri. Kitanda cha mtoto kilikuwa kimeegemezwa kwenye ukuta huo, mkabala na kitanda cha baba kwa upande wetu.

Mama alipofariki, baba aliacha kazi akaanza kusoma Biblia. Alikuwa akiifungua popote, anasoma kidogo, anaifunga na kukaa akitazama mikono yake. Nilimwonea huruma. Nafanya kazi katika maktaba ya chuo, kwa hiyo nikamkusanyia vifaa vya kumsaidia: kamusi ya Biblia, kitabu cha ramani, penseli za rangi za kupigia mistari, na itifaki, lile buku nene linalopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila neno limetajwa wapi.

Baba Mdogo alipoiona itifaki mezani alisimama wima, akakohoa kama mgeni rasmi.

"Itifaki imezingatiwa," alisema. "Kaka, hotuba inaanza saa ngapi?"

Zamani baba angecheka mpaka machozi. Siku hiyo alivuta tu buku karibu na kifua chake.

Vifaa vingine hakuvigusa. Alipenda itifaki peke yake. "Hii haizunguki," aliniambia. "Inasema na wewe moja kwa moja." Nilitakiwa kushtuka pale pale. Itifaki haichapishi mstari mzima. Inatoa kipande tu, maneno machache, na lile neno unalolitafuta linafupishwa hadi herufi yake ya kwanza, ili upate kujua ukasome wapi. Baba hakwenda kusoma popote. Kila asubuhi alichagua neno, akateremka na kidole kipande kwa kipande, kama mtu anayesoma meseji alizotumiwa. Biblia yenyewe ilibaki imefungwa, miwani imewekwa juu yake.

Kisha kukawa na minong'ono. Mtoto wa Baba Mdogo alikuwa na usingizi mwepesi, na mlango ukilia tu anaamka, hivyo wazazi wake wakazoea kunong'ona mchana kutwa. Ukuta ule ni wa tofali moja. Baba alilala chali akisikiliza.

"Wananisema," aliniambia.

"Hapana, baba. Wanaogopa kumwamsha mtoto."

"Mtoto gani halali usiku, halali mchana?"

"Ni mchanga bado."

"Mchanga naujua mimi," alisema. "Nimeuchekecha maisha yangu yote." Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi moja mchana nilirudi kutoka kazini nikasikia mkwaruzo, mwembamba, wa taratibu, kama panya anayetafuna kitu kigumu. Baba alikuwa amesogeza kitanda chake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, ametandika gazeti sakafuni, na kwa ncha ya patasi alikuwa anakwangua saruji katikati ya matofali. Nyundo ilikuwa kando yake, hajaitumia. Hakutaka kelele.

"Baba, unafanya nini?"

"Natii."

Akanionyesha kitandani kwa kidole. Itifaki ilikuwa wazi kwenye neno *ukuta*. Alikuwa amekizungushia penseli nyekundu kipande kimoja, ambamo mtu anaamriwa kutoboa *u. huu*.

"Umeona?" alisema. "Huu. Hakusema ule. Amesema huu."

Mimi si mtu wa kubishana. Hata kanisani nikiulizwa swali nafyata ulimi. Lakini upande wa pili wa tofali lile kulikuwa na kichwa cha mtoto, na hofu ilinipa sauti. Nilimwambia baba kwamba kipande si ujumbe, ni alama ya njia tu. Kuna kanuni moja ya kusoma wanayofundishwa hata watoto wa shule ya Jumapili: usiuchukue mstari peke yake, soma mistari ya kabla na ya baada, ujue nani anaambiwa, wapi, na kwa nini.

Baba aliweka patasi chini. "Haya, mama. Nisomee ya kabla."

Nilifurahi. Nilijua kwamba maneno yale yalisemwa kwa nabii mmoja, zamani sana, mbali na hapa, kuhusu ukuta wa hekalu. Nilichokuwa nimesahau ni yaliyomo kwenye sura. Niliyakumbuka nikiwa tayari nasoma kwa sauti. Nabii anaambiwa atoboe ukuta ili aone maovu yanayofanywa ndani kwa siri. Anaingia, anakuta ukuta umechorwa wanyama na viumbe vitambaavyo, na wazee wamesimama gizani, moshi unapanda, wakiambiana kwamba Mungu hawaoni.

Sauti yangu ilizidi kushuka. Baba alikuwa amefumba macho. Kutoka upande wa pili harufu ya dawa ya mbu iliyowashwa ilipenya kwenye ule ufa mpya.

"Moshi," baba alisema polepole. "Kumbe hukuniletea vitabu vile bure."

Nilitoka, nikazunguka hadi mlango wa Baba Mdogo. Nilitaka kusema yote. Lakini yule ni baba yangu, sikutaka kumwaibisha. Nikasema ukuta una unyevu, afadhali kitanda cha mtoto kihamishwe.

"Bibi Kimya leo ametoa sentensi nzima," Baba Mdogo alimwambia mkewe kwa kunong'ona. "Tuhamishe haraka kabla hajatoa ya pili."

Tulikibeba kitanda hadi pembe ya mbali, huku mtoto amelala. Hapo ndipo nilipoona picha ambazo Mama Mdogo alikuwa amezibandika kwenye ukuta unaotazamana na ule wetu, kumfurahisha mwanawe: simba, mjusi, kinyonga, nyoka wa kijani mwenye tabasamu.

"Na hizi picha," nilisema, "mziondoe."

"Nazo zina unyevu?" aliuliza Mama Mdogo. Zilibaki.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimkuta baba amelitoa tofali zima. Alikuwa amelilaza juu ya gazeti, safi, halina hata pembe iliyovunjika. Nyuma yake ilibaki plasta ya upande wa pili tu, na ndani ya plasta tundu la kupitisha kidole. Alikuwa ameweka jicho pale.

"Njoo uone," alisema bila kugeuka. "Nyoka yupo. Mjusi yupo. Moshi upo. Lakini kitanda hakipo. Juzi nilikuwa namsikia mtoto anapumua hapa hapa. Kwa nini wamehamisha kitanda, kama hawana wanachoficha?"

Aligeuka, akanitazama.

"Nani aliwaambia nakuja?"

"Baba, tupumzike. Tule kwanza."

"Kanuni ni yako, mama. Ya kabla tumesoma. Sasa ya baada." Akachukua miwani, na kwa mara ya kwanza tangu nimletee vile vitabu akaifungua Biblia yenyewe.

Sura inayofuata naijua. Wanaume wanaitwa, kila mmoja na silaha yake mkononi, wanaambiwa wasimhurumie mzee wala mtoto.

"Sura imeishia hapo, baba," nilisema.

"Sura imeisha. Kitabu hakijaisha." Mkono wake mmoja ulitafuta ukurasa. Mwingine uliifuta nyundo vumbi, taratibu, bila yeye kuitazama.

Safari hii sikuona aibu. Nilizunguka nusu nikikimbia. Baba Mdogo alifungua mlango akitabasamu.

"Unyevu umezidi?"

"Si unyevu," nilinong'ona. "Ni baba. Mchukueni mtoto muondoke. Sasa hivi, msifungashe kitu."

Nadhani uso wangu ulisema zaidi kuliko mimi. Mama Mdogo alimwinua mtoto na shuka lake, akampakata, akatoka pekupeku hadi barabarani. Mtoto hakuamka. Baba Mdogo alibaki amesimama katikati ya chumba, akitazama ukuta, akitazama lile tundu ambalo hakuwahi kuliona. Ndani yake sauti ya kaka yake ilikuwa inasoma, bila haraka, mstari baada ya mstari.

"Amesema nini hasa?" aliniuliza kwa kunong'ona.

Nikamsogelea sikioni, nikaanza kumweleza. Kule upande wa pili kusoma kukakoma.

"Mama," baba aliita kupitia ukutani, kwa upole wake wa siku zote. "Kumbe na wewe umo humo?"