Kifua cha Mejumaa

Mejumaa wa Kuze alipotangaza kwamba anasomea upatanishi, mtaa mzima ulicheka mpaka ukapaliwa. Si kwa ubaya, la. Walimpenda. Lakini jamani, Mejumaa! Mwanamke ambaye ukimwambia neno alfajiri ukinunua mahamri yake, adhuhuri utalikuta Makadara, limekwisha kuzaa na lina wajukuu. Hana kifua, walisema, na hawakumsingizia. Wenzake Athmani, mumewe, aliyekuwa karani wa ghala huko Shimanzi, walimtania: "Bwana, mkeo akianza kupewa siri za watu, magazeti tutanunua ya nini?"

Mejumaa alizisikia zote hizo, na zilimuuma. Ndiyo maana alikwenda. Alitaka, angalau mara moja katika umri wake, aitwe nyumbani kwa watu kwa jambo la maana, si kwa mahamri na umbeya.

Darasa lenyewe lilianzishwa na Ustadhi Abdulghafur, mwalimu mstaafu, miaka michache baada ya uhuru. Alichoka kuona ugomvi wa wanawake ukiamuliwa na wanaume wanaokaa barazani, wakakohoa, wakasema "subirini," wakaenda zao kula. Basi akaomba chumba katika skuli moja ya Tononoka, kila Jumamosi alasiri, akafungua mlango kwa yeyote, mwanamume au mwanamke, mwenyeji au mtu wa bara. Ukimaliza masomo, unapewa ugomvi wa kweli uumalize peke yako. Ukiuweza, unapata hati yenye muhuri wa baraza la wazee, na tangu siku hiyo wazee wanakuletea watu.

Ustadhi aliwafundisha kunyamaza. Aliwafundisha kukaa mahali ambapo hakuna atakayesema umemwelekea mwenzake. Na siku moja akasimama, akainua kidole. "Neno ulilopewa faraghani ni amana. Hulitoi ila mwenyewe akuruhusu. Hata likiwa hilo ndilo dawa yenyewe. Mnanisikia?"

Kioko wa reli, aliyekaa dawati moja na Mejumaa, alimtupia jicho la huruma. Mejumaa akatazama daftari lake.

Ugomvi aliopewa ulikuwa wa mashoga zake mwenyewe. Alijaribu kuukataa, Ustadhi akamwambia mpatanishi hachagui. Bimdogo na Mwanakhamis, ndugu tumbo moja, aliosoma nao chuo cha Kurani tangu wakiandika kwenye mbao. Walikaa nyumba moja ya mama yao huko Mkanyageni, Mwanakhamis juu na wanawe, Bimdogo chini, mjane, peke yake. Bimdogo alizika watoto watatu wachanga, hakupata mwengine. Mapenzi yake yote akamtupia Mwanakuu, binti wa dadake. Ndiye aliyemwogesha, aliyemsuka, aliyemfundisha kukuna nazi bila kujikuna vidole.

Sasa Mwanakuu anaolewa, Ijumaa ya pili. Na kazi ya kumsinga biarusi, kumsugua mwili kwa singo la liwa na karafuu na mawaridi makavu, kila mtu alijua ni ya Bimdogo. Mwanakhamis akaenda akamwita somo wa kulipwa, mwanamke wa kuwapamba maharusi, kutoka Kibokoni. Hakusema kwa nini. Bimdogo akafunga mlango wa chini, akaapa kwamba arusi itapita juu ya kichwa chake na hatatoka kuitazama. Nyumba moja, ngazi moja, na watu hawasalimiani. Balaa gani hii!

Mejumaa alianzia chini. Bimdogo alimpokea kwa uso wa jiwe, akamtilia kahawa, akasema hana neno na mtu. Mejumaa akafanya alivyofundishwa: akanyamaza. Wallahi, ilikuwa kama kubana pumzi. Akanyamaza, akanyamaza, mpaka Bimdogo akainama, akavuta kitu chini ya kitanda. Ilikuwa chupa kubwa, imejaa singo.

"Nilianza kulitengeneza siku ile waposaji walipobisha hodi," alisema, na machozi yakamtoka. "Kila siku nalifungua nalinusa, kisha nalificha. Nimekuwa mwendawazimu, Mejumaa."

"Nipe ruhusa nimwambie dadako."

"Thubutu! Atanipa kazi kwa huruma. Mimi huruma ya mtu siili. Apa."

Mejumaa akaapa. Akapanda juu.

Mwanakhamis alikuwa akipanga sahani za kuazima, na ulimi wake mkali kama kawaida. Somo wa Kibokoni ni hodari, basi, kuna nini? Mejumaa akanyamaza tena. Sahani zikapangwa, zikapanguliwa. Mwishowe Mwanakhamis akaketi juu ya kirago.

"Wanawake wa upande wa bwana arusi wamekuja kuninong'oneza," alisema polepole. "Ati mkono uliozika watoto watatu usimguse biarusi. Ati ni nuksi. Mimi nilitaka kuwatia makofi. Lakini wangeyasema mbele yake, Mejumaa, siku ya kusinga, watu wamejaa, mkono wake uko ndani ya singo. Angekufa palepale. Bora anichukie mimi."

Mejumaa akaketi naye. "Mwambie hivyo hivyo."

"Siwezi kulitoa neno hilo kinywani mwangu mbele ya ndugu yangu. Wala wewe usilitoe. Apa."

Akaapa tena. Akateremka ngazi zile. Ebu fikiria, msomaji: mtu ambaye maisha yake yote hakuweza kuweka hata habari ya paka wa jirani, sasa anatembea na maneno mawili ambayo lolote kati ya hayo lingeumaliza ugomvi kabla kahawa haijapoa. Nyumbani alimkuta Athmani anamngoja kwa hamu. Alikula kimya, akalala amempa mgongo, na Athmani akadhani ana homa.

Aliwarudia kuomba ruhusa, wakakataa wote wawili. Siku zinakwenda. Hapo ndipo alipofanya ujinga wake. Alikumbuka kwamba mpatanishi ameruhusiwa uongo kidogo kwa ajili ya kuwapatanisha watu, basi akaamua: kama ukweli hauwezi kutoka, atautoa uongo. Akamwambia Bimdogo, "Dadako amelia mpaka macho yamevimba, ataka umsamehe." Akapanda juu akamwambia Mwanakhamis, "Mdogo wako akiri makosa ni yake, ataka radhi." Akawaalika wote wawili kwake Kuze, akatandika busati jipya.

Wakaja. Wakaketi. Wakanywa kahawa, wakala na halua. Kila mmoja anamngoja mwenzake.

"Haya, sema," akasema Mwanakhamis.

"Niseme nini? Sema wewe."

"Si wewe uliyetaka radhi?"

"Mimi? Si wewe uliyelia mpaka macho yakavimba?"

"Nilie? Mimi nilie?"

Kisha, taratibu, nyuso zote mbili zikamgeukia Mejumaa. Ah, matusi aliyoyapata siku ile! Mnafiki, mzushi, fitina wa kutembea. Mmoja akishusha pumzi mwenzake anapokea. Wakajifunga buibui zao wakatoka mlango mmoja, na Mejumaa akabaki na sinia la halua analilia mashoga zake na hati yake kwa pamoja.

Jumamosi alikwenda Tononoka kwa sababu Athmani alimsukuma. Wanafunzi wenzake walikuwa wakipewa hati. Kabla hajafikiwa, hodi ikapigwa mlangoni. Bimdogo na Mwanakhamis, wamesimama bega kwa bega.

"Masalkheri, Ustadhi," alisema Mwanakhamis. "Sisi tumekuja kushitaki. Mwanamke huyu usimpe kitu."

"Amesema uongo," akadakia Bimdogo.

"Uongo mtupu, kwangu na kwa mdogo wangu."

Ustadhi akawatoa nje wanafunzi, akarudisha mlango. "Bi Mejumaa. Uliyasema?"

"Niliyasema."

"Hawa hawakukwambia lolote la kukupa tamaa kwamba wanapendana? Sema. Kama lipo neno la kweli nyuma ya uongo wako, huu ndio wakati wake. Bila hivyo sina la kuandika hapa." Akaigonga hati kwa kidole.

Mejumaa aliwatazama. Bimdogo alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimekamata ncha ya buibui. Mwanakhamis naye amegeuza uso ukutani. Aliwaona jinsi walivyoogopa, kila mmoja na lake, na hakuna anayejua kwamba mwenzake naye anaogopa. Akawapenda mno, akaona afadhali wamchukie maisha.

"Hawakunambia kitu," alisema. "Nilitunga yote. Ni tabia yangu, Ustadhi, mtaa mzima wajua."

Ustadhi akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaivuta hati, akaanza kuikunja.

"Ngoja," alisema Bimdogo.

Akaiachia ncha ya buibui. Akamgeukia dadake. "Hakutunga yote. Nina chupa ya singo chini ya kitanda, Dada. Nimelitengeneza kwa ajili ya Mwanakuu tangu siku ya posa. Nilimwapisha asikwambie. Naye hakukwambia, hata nilipomtukana."

Mwanakhamis alimkodolea macho. "Tangu siku ya posa?"

"Tangu siku ya posa."

"Mdogo wangu, mimi sikukunyima kwa ubaya. Watu wata..." Akakwama. "Watu watasema..."

"Waseme," akasema Bimdogo. "Nimeyasikia kabla yako, Dada. Nimeyasikia kwenye kila arusi tangu nilipomzika wa tatu. Ulidhani wanikinga na nini?"

Mwanakhamis, mwenye ulimi wa wembe, akaangua kilio cha kweli, akamwangukia ndugu yake shingoni. Wakalia wote wawili, wakapangusana kwa buibui, wakaanza papo hapo kubishana kuhusu karafuu, kama zimezidi. Mlangoni Bimdogo akageuka.

"Na wewe, kaidi, Jumatano uje. Nitahitaji mtu wa kunishikia bakuli."

Wakaenda zao. Ustadhi akabaki ameduwaa katikati ya chumba.

"Bi Mejumaa," alisema, "ile chupa nimeifahamu. Lakini la pili sikulifahamu. Watu watasema nini?"

Aliuliza kwa dhati, masikini; mambo ya kina mama hayakuwahi kumfikia. Na neno lilikuwa limekwisha kufika ulimini mwa Mejumaa. Lingedhuru nini sasa? Wenyewe wamepatana, mlango umefungwa, na mwulizaji ni mtu mzima, tena ndiye mwalimu.

"Sijui, Ustadhi."

"Hujui?"

"Sijui kitu."

Ustadhi akarudi mezani. Kisha akaikunjua ile hati, akainyoosha kwa kiganja, akaandika jina lake, akapiga muhuri. Mejumaa akaipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo uwanjani huku machozi yanamtiririka, na Kioko alipomuuliza analilia nini, hilo nalo hakulisema.